Mistari ya Mji na Mistari ya Nchi: Mafunzo ya Mombasa kwa Watu wa Ijara

Hotuba iliyosomwa mbele ya Wazee na Wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati yenu imeniamuru niseme nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni kazi ya maofisa na wapima ardhi peke yao, nalo ni namna mipaka ya mji wa pwani inavyochorwa katika ramani, na namna mji huo unavyogawanywa sehemu sehemu. Nimeitikia amri hiyo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa jambo hili halikutufikia kwa njia ya vitabu. Lilitufikia mlangoni mwa Kamati, likiletwa na mama mmoja wa kwetu.

Mama huyo ni mjane. Yeye na marehemu mumewe waliuza ng'ombe wao hapa Ijara, wakaenda Mombasa, wakanunua nyumba katika mtaa wa Majengo. Waliishi humo miaka mingi na kulea watoto wao. Mume alipofariki, mama alitaka kuiuza nyumba ile arudi kwao. Mnunuzi akaja pamoja na wakili, karatasi zikasomwa, na mama akaambiwa kwamba kuta ni zake na bati ni lake, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya mtu mwingine. Alikuwa na karatasi ya mauzo ya nyumba, na mkoba wa stakabadhi ambazo marehemu alikuwa akizihifadhi. Mama, ambaye hakupata kusoma, alidhani siku zote kuwa zile ni stakabadhi za kodi ya Serikali. Kumbe zilikuwa za kodi ya kiwanja, iliyolipwa kwa mwenye ardhi.

Kamati ilimpa mama huyu pole na nauli. Zaidi ya hayo hatukuwa na la kumwambia, kwa sababu hata sisi wenyewe hatukujua ni kwa njia gani mtu aweza kuwa na nyumba asiwe na nchi. Basi leo nitajaribu kueleza, kisha nitasema ni kwa nini maelezo hayo yanatuhusu sisi tulio Masalani, Hulugho, Sangailu na Ijara yenyewe, hata kama hatutajenga Mombasa maisha yetu yote.

Mistari ya namna tatu

Mtu akiitazama ramani ya mji ataona mistari mingi, na asipofundishwa atadhani kuwa yote ni ya jamii moja. Sivyo. Kuna mistari ya kura, ambayo ni majimbo ya uchaguzi na wadi. Kuna mistari ya utawala, yaani kaunti ndogo, tarafa na kata, ambayo humwonyesha chifu mahali kazi yake inapoanza na inapokoma. Na kuna mistari ya milki, ambayo huonyesha kiwanja hiki ni cha nani na kile ni cha nani. Mistari ya kwanza huamua ni nani atakayekusemea. Ya pili huamua ni nani atakayekuamuru. Ya tatu huamua kama utalala pale ulipo au utaondolewa.

Hatari iliyopo ni kumchukua mtu wa mstari mmoja awe shahidi wa mstari mwingine. Barua ya chifu yaweza kushuhudia kuwa wewe ni mkaaji wa kata yake. Haiwezi kukupa milki ya ardhi. Kadi ya kura yaweza kuonyesha kuwa wewe ni mtu wa wadi fulani. Haiwezi kuwa hati ya kiwanja. Wengi wamepoteza mali kwa kutojua tofauti hiyo.

Mombasa ilivyogawanywa

Tuanze na mji wenyewe. Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na mikono ya bahari, na bara ziko pande tatu: Likoni upande wa kusini, Changamwe na Jomvu upande wa magharibi, na Nyali na Kisauni upande wa kaskazini, mpaka ufike mkono wa bahari wa Mtwapa, ambapo ndipo mwanzo wa Kilifi. Hapo zamani mji ulihesabiwa kwa watu kabla ya kuhesabiwa kwa mistari. Wenyeji wa Mombasa walijulikana kuwa ni Thenashara Taifa, yaani taifa kumi na mbili: Tatu, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa, ambao miongoni mwao ni Wamvita, Wajomvu, Wapate, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa. Angalieni kwamba taifa kadhaa katika hizo zilitoka pwani ya kaskazini, jirani zetu. Angalieni pia kwamba majimbo matatu ya uchaguzi ya leo, yaani Mvita, Jomvu na Changamwe, yamechukua majina ambayo taifa hizo zinayo. Majina yamedumu. Mistari ndiyo iliyobadilika.

Mstari mkubwa wa kwanza haukuchorwa Mombasa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar katika bara itakuwa ukanda wa maili kumi za baharini kutoka ufukweni, kuanzia Ghuba ya Tunghi huko kusini, karibu na Mto Ruvuma, mpaka Kipini, penye mlango wa Mto Tana. Wazee wangu, Kipini si mbali nasi. Ng'ombe wetu wamekunywa maji ya mto huo huo tangu zamani. Mwaka 1895 ukanda ulio katika Kenya ukatiwa chini ya utawala wa Waingereza kwa malipo ya kila mwaka kwa Sultani, na mwezi wa Oktoba 1963 ikakubaliwa kwamba uwe sehemu ya Kenya. Mistari ya mapatano ya namna hiyo huchorwa mezani, na watu walio chini yake huja kuarifiwa baadaye.

Mstari wa pili ndio uliomfikia mama yetu. Mwaka 1908 ilitungwa Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya pwani. Sheria hiyo ilimtaka kila mwenye kudai ardhi apeleke dai lake kwa afisa aliyewekwa, ushahidi usikizwe, ardhi ipimwe, na hati itolewe. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Basi waliojua kuandika, na waliokuwa na fedha za mawakili, waliandikwa. Wamijikenda, waliolima na kuzika wazazi wao katika nchi ile kwa desturi ya umma na si kwa hati ya mtu mmoja, wengi wao hawakuandikwa. Kazi yenyewe ilisimamishwa mwaka 1922, hali sehemu nyingi za pwani hazijakamilika.

Hapo ndipo ilipokaza mizizi ile desturi ya nyumba bila ardhi. Mwenye hati aliacha watu wajenge juu ya kiwanja chake, wakimlipa kodi ya mahali. Nyumba ikawa ya aliyejenga, na ardhi ikabaki kuwa ya mwenye hati. Nyumba iliweza kuuzwa, kurithiwa na kupangishwa, kizazi baada ya kizazi, na ardhi chini yake isihame. Majengo na Kisauni ni mahali ambapo desturi hiyo imeenea sana. Mtu asiyejua humwuliza muuzaji, "Nyumba hii ni yako?" Naye hujibiwa kwa haki kabisa, "Naam, ni yangu." Hakudanganywa. Hakuuliza swali la pili tu.

Na huko Likoni watu wengi walikaa kwa miaka mingi katika shamba la ekari 930 lijulikanalo kwa jina la Waitiki, hali hati ilikuwa ya mwingine. Haikuwa mpaka Serikali ilipolinunua shamba hilo, na mwaka 2016 ikaanza kuwapa wakaaji hati zao, ndipo ugomvi ule ukapata njia ya kutulia. Fikirini ni gharama gani iliyotumika kurekebisha mstari mmoja uliochorwa bila watu.

Kazi ya mpima ardhi

Yafaa pia tujue mstari wa milki unavyochorwa, ili tusiuogope na tusidanganywe nao. Mpima ardhi haanzi na kiwanja chako. Huanza na alama za Serikali ambazo mahali pake pamekwisha kujulikana kwa hesabu. Kutoka hapo hupima pembe na umbali, siku hizi kwa vyombo vinavyosikiliza satelaiti, mpaka afike kwenye pembe za ardhi yako, na katika kila pembe hutia alama ya chuma au ya saruji ambayo watu huiita bikoni. Hesabu zake hupelekwa kukaguliwa, na ramani ikikubaliwa ndipo kiwanja hupewa nambari. Katika Mombasa viwanja vya kisiwani huandikwa kwa bloku, na vile vya bara kwa sehemu, na herufi M.N. ni za bara ya kaskazini, M.S. za bara ya kusini. Nambari hiyo ndiyo jina la ardhi. Mtu akikuonyesha kiwanja, mwulize nambari yake, kisha nenda ukaitafute katika daftari la usajili, uone jina lililoandikwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na shamba likitaka kukatwa viwanja, kazi haianzi na bikoni. Kwanza huandikwa mpango: barabara zitapita wapi, maji yatatiririkia wapi, shule na zahanati na makaburi yatakuwa wapi. Mpango ukikubaliwa na kaunti ndipo mpima huja. Mahali ambapo vigingi vilitangulia mpango, mtaona leo nyumba ambazo gari la wagonjwa haliwezi kuzifikia, na jeneza lapitishwa kwa kuinamishwa.

Mizani ya kura

Sasa niseme kidogo juu ya mistari ya kura, kwani hapa kuna jambo ambalo huenda likawashangaza. Kabla ya mwaka 2012 Mombasa ilikuwa na majimbo manne: Changamwe, Kisauni, Likoni na Mvita. Garissa nayo ilikuwa na manne: Dujis, Lagdera, Fafi na Ijara. Katika mgawanyo wa mwaka 2012 Jomvu ilikatwa kutoka Changamwe, na Nyali kutoka Kisauni, na Mombasa ikawa na majimbo sita. Garissa nayo ikawa na sita, kwani Dujis iligawanywa kuwa Garissa Mjini na Balambala, na Dadaab ikatolewa katika Lagdera. Na wadi je? Mombasa ina wadi 30. Garissa ina wadi 30.

Lakini Mombasa yote ina nchi kavu ya kilomita za mraba zipatazo 220, na Garissa ina zaidi ya 40,000. Kwa wastani wadi moja ya Mombasa ni kilomita za mraba saba na kidogo. Wadi moja ya Garissa ni zaidi ya 1,300. Diwani wa Mombasa aweza kuizunguka wadi yake kwa miguu baada ya sala ya alasiri na kurudi kabla ya magharibi. Mwakilishi wa Hulugho hawezi kufanya hivyo hata kwa gari, na mvua ikinyesha gari lenyewe haliendi.

Je, hiyo ni dhuluma au upendeleo? Si moja wala si nyingine. Katiba ya 2010 imeweka majimbo 290 katika nchi nzima. Kwa hesabu ya watu ya 2019, wastani wa kila jimbo ni watu wapatao 164,000. Katiba yaruhusu jimbo la mji mkuu kwa ukubwa, au la nchi yenye watu wachache waliotawanyika, kupita wastani huo au kupungua kwa asilimia 40, na majimbo mengine kwa asilimia 30. Yaamuru pia kuangalia umbile la nchi, njia za mawasiliano, na mafungamano ya watu. Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333, maana yake yapata 201,000 kwa kila jimbo. Huko mstari hufuata wingi wa watu. Huku kwetu hufuata pia ukubwa wa nchi.

Mapitio ya mistari hiyo hayana budi kufanywa kila baada ya muda usiopungua miaka minane na usiozidi kumi na miwili. Miaka kumi na miwili ilitimia mwezi wa Machi 2024 bila kazi hiyo kufanywa. Lakini itakuja. Na itakapokuja, tume itawauliza wananchi maoni yao. Jamii itakayofika na hoja zilizoandikwa, zenye majina ya vijiji, visima na umbali wa njia, itasikizwa kuliko ile itakayofika na kelele.

Sisi watu wa Ijara

Wazee wangu, nimesema mengi juu ya Mombasa ili nifike hapa. Sehemu kubwa ya nchi ya Ijara haijapata kupimwa wala kuandikwa kwa jina la jamii iishiyo humo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana. Hata fidia, ardhi hiyo ikichukuliwa kwa faida ya taifa, huwekwa na kaunti kwa niaba ya jamii mpaka siku itakaposajiliwa. Nasi twajua kwamba gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilifunguliwa mwezi wa Mei 2021, na kwamba barabara ya kutoka Lamu kupitia Ijara hadi Garissa ndiyo njia ya bandari hiyo kuelekea bara. Barabara huja na mnunuzi. Mji wa Masalani unapanuka, na viwanja vyauzwa kwa maneno ya mdomo na kwa karatasi zilizoandikwa madukani.

Basi sisi tuko katika mwaka wetu wa 1908. Sheria ipo, mlango uko wazi, na mwenye kuandikwa ataandikwa.

Najua baadhi ya wazee wana hofu. Wanasema: sisi ni watu wa mifugo, na mstari ni adui wa ng'ombe. Ng'ombe hufuata mvua, na mvua haina bikoni. Hofu hiyo ni ya haki. Katika nchi ya Wamaasai, ranchi za vikundi zilizosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1968 nyingi zilikuja kukatwa vipande vya watu binafsi, na malisho yakafungwa kwa nyaya. Lakini hati ya jamii si lazima iwe hivyo. Yaweza kuwa mstari mmoja wa nje, na ndani yake pasiwe na ua wala waya, malisho yakabaki ya wote. Mstari wa nje huzuia mgeni kuiuza nchi. Hauzuii ng'ombe kula. Kinachokata malisho ni mistari ya ndani, na hiyo itachorwa tu ikiwa sisi wenyewe tutakubali.

Kwa hiyo naomba Mkutano huu ufikirie mambo manne.

Kwanza, kila jamii ya Ijara ifanye mkutano wa watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, na kuchagua kamati ya usimamizi wa ardhi ya watu saba hadi kumi na watano kama sheria itakavyo, ili maombi ya usajili yapelekwe. Nasisitiza neno wanawake. Lau mama yetu angalikuwako siku ya kununua, na kusomewa karatasi, huenda tusingalikuwa na hotuba hii.

Pili, kabla ya kigingi chochote kutiwa, tuandike vitu visivyouzika: malka za kuteremshia mifugo mtoni, njia za ng'ombe, visima, mabwawa, misikiti, madrasa na makaburi. Na pale ambapo nchi yetu inapakana na majirani wa Tana River na Lamu, tuandike kwa kukaa pamoja nao. Mto Tana huhama mkondo wake, na mpaka uliotajwa kwa mto peke yake ni chanzo cha maneno. Maneno yameua watu katika kingo za mto ule. Alama iliyotiwa mbele ya wazee wa pande zote mbili ni nafuu kuliko mazishi.

Tatu, mji wa Masalani upate mpango kwanza, viwanja baadaye. Barabara pana ni rahisi kuiacha leo, penye miti na mchanga, kuliko kuivunjia njia kesho penye nyumba za watu.

Nne, kila mwanachama mwenye nyumba au kiwanja, iwe Garissa, Lamu, Malindi au Mombasa, alete karatasi zake kwa Kamati kabla ya mkutano ujao. Vijana wetu waliosoma watazisoma kwa sauti mbele ya mume na mke pamoja, na kila mtu ataambiwa alicho nacho: kama ni hati, kama ni barua ya ugawaji, au kama ni makubaliano ya mauzo tu. Aibu ya kujua ni ya siku moja.

Nimalize kwa neno dogo. Katika Kiswahili, ijara ni malipo ya kukodi, ni ujira wa kitu cha mwingine. Sidai kwamba ndiyo asili ya jina la nchi yetu. Lakini mama yule alilipa ijara Mombasa kwa miaka mingi bila ya kujua. Namwomba Mwenyezi Mungu asitujaalie kuwa watu wa Ijara tunaolipa ijara katika Ijara.